Gutiere ikiziba, nyumba inaumia: mambo ya kujua mbele ya mvua ya Kolwezi

Mvua ya kwanza ikinyesha Kolwezi, mwezi wa kumi ao wa kumi na moja, wakaaji wengi wanaona alama ya maji kwenye plafo na kusema malata ni mabovu. Mara nyingi malata hayana kosa. Kosa liko pembeni ya paa, ndani ya gutiere, ule mfereji wa bati unaopokea maji. Umejaa.

Inajaa namna gani?

Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa, mvua karibu hainyeshi Kolwezi. Makamyoni ya madini yanapita kwenye barabara za udongo, na vumbi jekundu linalala juu ya malata miezi yote ile. Majani ya miembe na ya mivokado yanaanguka pale pale. Mvua ya kwanza inasukuma vyote ndani ya gutiere, vinageuka potopoto, kisha jua linavikausha kama tofali. Mvua ya pili haina tena njia.

Maji ni mengi kiasi gani?

Milimita moja ya mvua juu ya meta mraba moja ni litri moja ya maji. Paa ya meta 8 kwa 10 ina meta mraba 80. Mvua kali ya milimita 40 inaiangushia litri 3.200, ni kusema mapipa 16 ya litri 200. Maji hayo yasipopita kwenye gutiere, yatajitafutia njia.

Yanaharibu nini?

*Mbao.* Maji yanarudi chini ya ncha ya malata na kulowesha mbao zinazoyashikilia. Mbao iliyolowa kila siku inaoza, na mchwa wanaipenda. Misumari inalegea, na siku upepo mkali unakuja na mvua, unapata pa kuanzia kung'oa.

*Malata.* Majani yaliyolowa yanashika unyevu juu ya bati mchana na usiku. Zinki inayolinda bati inakwisha, kutu inaingia. Ndiyo maana malata mengi yanatoboka kwanza kwenye ncha ya chini.

*Gutiere yenyewe.* Gutiere ya meta 10, yenye upana na kina cha sentimeta 10, ikijaa maji inabeba kilo 100. Ikijaa potopoto ni zaidi. Vyuma vinapinda, na inaweza kuanguka pamoja na ubao wake.

*Ukuta na musingi.* Hapa ndipo hatari kubwa. Nyumba nyingi za mitaa ya Dilala na Manika zimejengwa na tofali za udongo, zingine hazikuchomwa. Maji yakimwagika pahali pamoja kila siku, yanakula udongo chini ya ukuta, na ukuta unaweza kuanguka watu wakilala. Katika mtaa wa Kasulo, ambako wachimbaji walitoboa mashimo ya kobalti katikati ya nyumba tangu mwaka 2014, maji yasiyo na njia yanapata mashimo ya kuingilia, na udongo unaweza kuporomoka.

Kusafisha wakati gani, na namna gani?

Mara ya kwanza ni mwisho wa mwezi wa tisa, mbele ya mvua. Ya pili ni kisha mvua mbili tatu za kwanza. Ya tatu ni mwezi wa kwanza ao wa pili, katikati ya musimu. Mwenye muembe juu ya paa aangalie kila mwezi.

Kazi inafanywa malata yakiwa makavu. Mtu mmoja anapanda, mwingine anashika ngazi. Waya za umeme zikipita karibu, afazali kumuita fundi. Potopoto inatolewa na mkono wenye gant ao kijiko kikubwa, isisukumwe kwenye bomba la kuteremsha maji. Kisha ndoo ya maji inamwagwa upande wa juu: maji yakisimama katikati, gutiere imepinda. Inahitaji kuteremka karibu sentimeta 1 kwa kila meta 2. Bomba lenyewe lipeleke maji mbali na ukuta, si kwenye parsele ya jirani.

Potopoto ile si mbolea

Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na cha Leuven, Ubelgiji, uliotangazwa mwaka 2018, ulikuta kobalti nyingi katika damu na mikojo ya wakaaji wa Kasulo, zaidi sana watoto. Vumbi la paa katika mji wa madini linaweza kubeba vitu hivyo. Potopoto ya gutiere isitupwe kwenye bustani ya lengalenga, na watoto wasiichezee. Anayekinga maji ya mvua aache ya kwanza yapite, na asiyatumie kwa kunywa.

Kusafisha gutiere kunaomba ngazi, ndoo na asubuhi moja. Kubadilisha mbao na malata kunaomba franga ambazo familia nyingi hazina katikati ya musimu wa mvua.