Kisomo cha Watu Wazima katika Ugogo na Namna Kilivyopimwa

Mwalimu Julius Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka uliofuata TANU ikaazimia kuufuta ujinga wa kutojua kusoma kabla ya kwisha 1975. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma walikadiriwa kuwa 67 katika kila 100. Baada ya mtihani wa taifa wa Agosti 1975 ilihesabiwa kuwa wamebaki 39.

Mtihani ule uliwapanga wanakisomo katika hatua nne. Wa kwanza ni aliyehudhuria tu. Wa pili alitambua silabi na maneno mafupi. Wa tatu alisoma sentensi nyepesi. Wa nne aliweza kusoma gazeti na kuweka hesabu ya mapato na matumizi. Waliofika ya tatu na ya nne ndio waliohesabiwa kuwa wanajua kusoma. Kwa maoni yetu, baina ya hatua hizo mbili kuna bonde, na kuwatia wote kapu moja kuliipendezesha takwimu.

Katika Ugogo bonde hilo lilikuwa pana zaidi. Bibi wa Bahi au Mvumi alikuwa na kazi mbili kwa pamoja: kuzijua herufi, na kukizoea Kiswahili, maana nyumbani alisema Cigogo. Tena vijiji vingi vilikuwa vipya, watu wakiwa wamehamishwa katika Operesheni Dodoma ya 1970 na 1971. Na mvua chache za uwanda huu hazimngoji mtu: zikianza Desemba, jembe kwanza, kitabu baadaye. Mtihani haukuuliza hayo.

Na aliyefika hatua ya nne alikwenda wapi? Hatua nyingine ziliongezwa juu yake, na kuanzia 1975 Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vikafunguliwa kwa msaada wa Sweden. Huku kwetu tukapata Chisalu wilayani Mpwapwa na Munguri wilayani Kondoa. Nia ilikuwa kijiji kimchague mtu wake, ajifunze useremala, uashi au kilimo, kisha arudi. Lakini kadiri miaka ilivyopita nafasi nyingi zilichukuliwa na vijana waliomaliza darasa la saba. Mama mwenye shamba, watoto na cheti cha hatua ya nne, angemwachia nani nyumba?

Mwaka 1986 ilitangazwa kuwa wasiojua kusoma wamepungua hata chini ya 10 katika kila 100. Kando ya tarakimu hiyo tungetaka kuiona nyingine: katika waliopewa vyeti, ni wangapi walioketi tena darasani.