Gari la Zamani Si Bubu

"Gari hii haisomeki, kaka. Mashine haina pa kuchomeka. Tubadilishe kompyuta yake tu."

Gari lenyewe ni Corolla ya mwaka 1993. Taa ya injini ilikuwa inawaka, na asubuhi lilisumbua kuwaka. Bei ya hiyo kompyuta ilinikata maini, nikaenda kwa fundi mzee.

Mzee hakutafuta mashine. Alifungua boneti, akafunua kisanduku kidogo cha plastiki, akaunganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya. "Washa swichi, injini usiwashe. Hesabu."

Taa ikapepesa mara mbili, ikatua, ikapepesa tena mara mbili. Ishirini na mbili: sensa ya joto la maji ya injini. Lakini mzee hakukimbilia kununua sensa. Namba hiyo haisemi sensa imekufa. Inasema taarifa zake hazifiki sawasawa. Akafuata waya hadi kwenye plagi yake, akakuta umeliwa na kutu. Kompyuta ilikuwa nzima.

Lugha hii ya taa ina historia yake, na ilianzia kwenye moshi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mwanakemia Arie Haagen-Smit alionyesha kwamba ukungu mchafu uliowachoma macho watu wa Los Angeles ulitokana na moshi wa magari na viwanda vya mafuta ukipigwa na jua. Sheria za hewa safi zikafuata, na kompyuta zikaingia kwenye injini. California ikataka magari kuanzia toleo la 1988 yaweze kujichunguza yenyewe. Ila kila kampuni iliendelea na lugha yake: General Motors na tundu zake, Toyota na zake. Ndipo kuanzia toleo la 1996 magari yote madogo yanayouzwa Marekani yakalazimika kuwa na plagi ya aina moja, yenye pini 16, na namba za pamoja kama P0300.

Hiyo ilikuwa neema kubwa. Fundi yeyote mwenye kifaa cha kawaida aliweza kusoma gari la kampuni yoyote. Lakini neema hiyo ilizaa uvivu: kisichosomwa na mashine kikaitwa bubu.

Sisi wapenzi wa fasihi tunaujua mtego huu. Tenzi za kale za pwani ziliandikwa kwa hati za Kiarabu. Asiyezijua hati hizo akiona karatasi, ataona mikwaruzo tu. Kosa si la karatasi.

Barabara zetu bado zina magari mengi ya miaka ya tisini, na wazee wanaojua kuhesabu taa wanazidi kupungua. Siku ile kijana wa kwanza hakunidanganya kwa makusudi. Hakufundishwa kusoma, basi. Na mimi kidogo nilipe gharama ya somo alilokosa.