Msuli Hunywea, Haupotei

Kipeperushi kimoja cha afya ya wazee kinachozunguka hapa Bukoba kimeiita sarkopenia, yaani kupungua kwa misuli na nguvu zake uzeeni, "upotevumisuli wa kiuzee". Neno hilo lina kasoro mbili. Ya kwanza ni ya ulimi: halitamkiki bila kupumzika njiani. Ya pili ni kubwa zaidi, nayo ndiyo iliyonikalisha kuandika: si kweli. Msuli wa mzee haujapotea. Umenywea.

Tuanze na asili, maana huko ndiko watafsiri wetu hawakufika. Mwaka 1988, katika mkutano uliofanyika Albuquerque, Marekani, mtaalamu wa lishe Irwin Rosenberg alieleza kwamba hali hii inahitaji jina ili itiliwe maanani. Akapendekeza majina mawili yenye mizizi ya Kigiriki, sarcomalacia na sarcopenia. Likashika la pili, lililochapishwa mwaka 1989. Sarx ni mnofu wa mwili. Penia ni ufukara. Katika Karamu ya Plato, Penia ni yule fukara aliyekuja kuomba mlangoni miungu ilipokuwa ikisherehekea, na ndiye aliyemzaa Eros. Basi kwa mizizi yake neno hili halisemi kwamba mnofu umetoweka. Linasema umefukarika, na fukara anaweza kupata. Walioandika "upotevu" walitafsiri fasili ya Kiingereza, neno lenyewe wakaliacha.

Nasi tunacho kitenzi. Aliyeugua muda mrefu tunasema amenywea: mwili umepungua. Aliyekemewa mbele ya wakwe zake tunasema amenywea: nguvu zimemwisha, ingawa uzito wake ni uleule. Wataalamu wa Ulaya walipotoa fasili yao ya sarkopenia mwaka 2010 walianzia kwenye wingi wa msuli. Walipoirekebisha mwaka 2018 wakatanguliza nguvu, kwa kuwa nguvu hutabiri madhara vizuri kuliko wingi wa msuli. Yote mawili yamo katika kunywea. Sarufi nayo haipingi: elekea hutoa mwelekeo, legea hutoa mlegeo, egemea hutoa mwegemeo, nywea hutoa mnyweo.

Nililipeleka neno hili mbele ya jopo moja la istilahi. Jibu lilikuwa sentensi moja: mnyweo utachanganywa na kunywa. Hoja hiyo inashangaza kutoka kwa watu waliokabidhiwa lugha, kwa sababu neno "msuli", walilolipokea bila kinyongo, ni pia nguo ambayo mwanamume wa pwani hujifunga kiunoni, na hakuna daktari aliyewahi kumtibu mtu shuka. Yupo pia mwandishi mwenzangu, anayesomwa sana, anayeshikilia "umaskini wa nyama". Namheshimu, lakini nampinga: kwa msikilizaji wa Kashai hapa mjini, nyama ni kitoweo kwanza.

Ningeyanyamazia yote haya kama yangekuwa ya vitabuni tu. Lakini wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani humu Kagera, mwaka 1983, na vifo vilivyofuata viliwaachia bibi zetu kazi ya kulea upya. Nshamba, wilayani Muleba, shirika la Kwa Wazee limekuwa likiwapa wazee wa aina hiyo pensheni tangu mwaka 2003. Bibi anayelea wajukuu hana kustaafu: kibanja kinamngoja, maji yanamngoja. Ukimwambia misuli yake imepotea, umemwambia akae. Ukimwambia imenywea, atauliza afanye nini. Na jibu lipo. Mwaka 1990, Maria Fiatarone na wenzake walichapisha matokeo ya wazee dhaifu wa Boston, wenye umri wa wastani wa miaka 90, waliofanyishwa mazoezi mazito ya miguu kwa wiki 8. Nguvu ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, na msuli wa paja ukanenepa kwa asilimia 9 hivi. Kilichopotea hakirudi namna hiyo.

Kipeperushi kile kinawaonya wazee dhidi ya "kazi ngumu" kwa kuogopa majeraha. Hofu hiyo ina msingi, ila imeelezwa vibaya. Mtazame bibi anayeteremka kutoka Kamachumu na mzigo kichwani. Kila hatua msuli wa mbele ya paja unajikaza huku unavutwa urefuke, ili goti lisikunjike ghafla. Mteremko ndio unaochana nyuzi za msuli, kuliko mpando; maumivu huja kesho yake au keshokutwa. Kijana hupona haraka. Kwa mzee, zile seli ndogo zilizolala ubavuni mwa nyuzi, alizozieleza Alexander Mauro mwaka 1961 na ambazo mimi naziita seli akiba, zimepungua na huchelewa kuamka. Lakini msuli uliozoeshwa mteremko kidogo kidogo huchanika kidogo, hata uzeeni. Anayeumia zaidi ni yule aliyekalishwa miezi kadhaa, kisha siku moja akalazimika kushuka. Kumkalisha bibi ni kumwandalia jeraha, na lugha ya "upotevu" inamkalisha.

Kipimo cha mnyweo ni rahisi: mzee ainuke kitini mara 5 bila kushika kitu; zikipita sekunde 15, apelekwe kwa daktari. Chakula kiwe na maharage, dagaa, na senene msimu wake. Kuhusu matumizi: mnyweo wa misuli, wingi minyweo, mgonjwa ana mnyweo, daktari hupima mnyweo, mazoezi huzuia mnyweo. Jopo likitaka kulikataa neno hili tena, liandike sababu zake hadharani, nami nitazijibu moja baada ya nyingine.