Pete ya Kuandikia: Nidhamu ya Waendeshaji katika Kunakili Mikanda ya Programu za Kompyuta Kuu

Kompyuta ya kwanza ya Serikali ya Tanzania ilisimikwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ulipigwa marufuku, isipokuwa kwa kibali. Katika zama hizo programu za kompyuta kuu zilisambazwa kwa mikanda ya sumaku. Ili kuandika mkanda, mwendeshaji alitia pete ya plastiki nyuma ya gurudumu lake. Bila pete, mashine haikuandika. Kisha aliandika lebo, akanakili mafaili, akausoma mkanda upya kuuhakiki, akaiondoa pete. Pete iliyosahauliwa kwenye mkanda asilia iliruhusu programu kufutwa. Pale vifaa vilipohitaji kibali, usalama wa programu uliegemea pia nidhamu ya mkono wa mwendeshaji.