Biashara ndogo: kinga ya kaya dhidi ya butura Karagwe na Kyerwa

Msikilizaji wetu, kahawa ndiyo inayotuletea fedha nyingi kwa mkupuo, lakini huja kwa msimu. Ada, dawa na sabuni havisubiri msimu. Katika makala hii tunaeleza jinsi biashara ndogo inavyoziba pengo hilo.

Biashara ndogo ni ipi?

Sera ya Taifa ya mwaka 2003 inaita biashara "ndogo sana" ile yenye watu wasiozidi 4 na mtaji usiozidi shilingi milioni 5. Genge la ndizi Omurushaka, mama lishe wa Kayanga, fundi cherehani wa Nkwenda na bodaboda wa Rubwera, wengi wao wamo katika kundi hilo.

Fedha inavyozunguka

Tuchukue mfano. Mama lishe anapata shilingi 10,000, anaenda kununua ndizi na maharage kwa mkulima. Mkulima anamlipa fundi aliyemtengenezea baiskeli. Kesho yake fundi anakuja kula kwa mama lishe. Fedha ileile imehudumia nyumba tatu kabla haijatoka wilayani, na halmashauri imepata ushuru wa soko.

Butura inaingiaje hapa?

Butura ni kuuza kahawa ingali maua au changa shambani, kwa bei ya kutupa, kwa sababu shida imebisha hodi. Mkulima anapalilia, lakini anayevuna faida ni mwingine. Serikali inaikataza, ila katazo peke yake halilipi ada ya mtoto. Kaya yenye genge au kuku wa mayai ina pa kushika miezi ya katikati, na kahawa yake inaweza kuiva na kufika yote kwenye chama cha msingi.

Kinachoua biashara hizi

Kwanza ni kukopesha. "Nitakulipa kahawa ikiiva," anasema jirani, nawe unaona aibu kukataa. Weka kiwango cha mwisho cha mkopo kwa kila mteja, na kila deni liandikwe kwenye daftari. Pili ni kuchanganya fedha za duka na za nyumbani. Jilipe kiasi kilekile kila wiki. Zinazobaki ni mtaji.

Mtaji upatikane wapi?

Kisheria, kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Muone afisa maendeleo ya jamii wa kata yako akueleze utaratibu wa kuomba.

Jambo moja usilifanye: kuweka rehani kahawa iliyo shambani ili ufungue duka. Hiyo ni butura ileile, imebadilishwa jina tu.