Herufi Nne Zilizoninyima Kazi

Wasee, wangapi mmeweka INFP kwenye bio? Mimi niliweka. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, nimerudi nyumbani Kisian, na kwizi moja ikaniambia mimi ni introvati. Mjomba aliponiita nikae kwa duka lake la M-Pesa hapo steji, nikamwambia kazi ya kuongea na watu si yangu. Mama akanicheki tu: "Otieno alizaliwa usiku. Umewahi kumwona akikataa kutembea mchana?"

Hiyo ikanifanya nitafute herufi hizi zilitoka wapi.

Mzizi ni Carl Jung, daktari wa Uswisi aliyetoa kitabu kuhusu aina za watu mwaka 1921. Huyo jamaa hata alifika Kenya. Mwishoni mwa 1925 alishukia Mombasa, akaenda hadi Mlima Elgon kuuliza wenyeji kuhusu ndoto zao. Kule Marekani, Katharine Briggs na bintiye Isabel Myers wakachukua mawazo yake. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia wakatunga maswali ya kusaidia watu, hasa wanawake waliokuwa wanaanza kuajiriwa, wapate kazi zinazowafaa. Na wote wawili hawakusomea saikolojia chuoni.

Sasa shikeni hapa: maswali yao yaliuliza unapendelea nini, si unaweza nini. Ni kama hapa Kisian barabara inapogawanyika. Ukizoea kushika ya Bondo, haimaanishi ya Busia imefungwa.

Kwizi za mtandaoni hazikuambii hivyo. Tena mara nyingi aliyeegemea ukimya kwa asilimia 51 na wa asilimia 95 wanapewa herufi ile ile. Ndiyo maana wengi wakirudia baada ya wiki chache, herufi inabadilika. Mimi nilifanya ya kwanza usiku, nikiwa na stress za chuo. Nikarudia nikitoka kupiga stori na mabeste, I ikawa E. Mtu ni yule yule.

Nikarudi kwa mjomba mbio. Alikuwa ameshaandika mtu mwingine.

Fanyeni kwizi, ni raha, hata mimi bado nazifanya. Lakini herufi zisiwajibie mkiitwa kazi. Wewe zako zimekufanya ukatae nini?