Wakili, Mwanasheria na Mwakilishi: Nani Husimama kwa Niaba ya Serikali?

Mtumishi wa umma aliyeachishwa kazi hupaswa kujua kwanza ni nani atakayemjibu. Hapo ndipo istilahi tatu zinapotatanisha: wakili, mwanasheria na mwakilishi. Yafaa tuzichambue kwa kufuata historia yake.

Neno wakili, lenye asili ya Kiarabu, tangu kale humtaja mtu aliyekabidhiwa jambo la mwenziwe, liwe la biashara au la ndoa. Katika shina hilo tumepata kuwakilisha na mwakilishi. Mwanasheria limeundwa kwa mfano wa mwanafunzi; hutaja elimu ya mtu, si dhamana aliyokabidhiwa.

Kwa muda mrefu raia hakuweza kuishtaki Serikali bila idhini ya Waziri. Mwaka 1993 Mahakama ya Rufani, ikiketi Arusha, iliamua katika shauri la Ole Pumbun dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali kwamba sharti hilo lilikwenda kinyume cha Katiba. Mwaka 1994 sheria ilirekebishwa, na mahali pa idhini pakawekwa taarifa ya siku 90. Idhini huombwa, nayo yaweza kunyimwa. Taarifa hutolewa tu. Kubadilika kwa neno kulikuwa kubadilika kwa haki.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliruhusu mlalamikaji, mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, asimamiwe na wakili, na kiongozi wa chama chake cha wafanyakazi, au na mwakilishi binafsi. Basi kila wakili ni mwakilishi, lakini si kila mwakilishi ni wakili.

Mwaka 2018 iliundwa Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali ili kuendesha mashauri ya madai. Mwanasheria Mkuu akabaki mshauri mkuu wa Serikali katika sheria. Tangu marekebisho ya mwaka 2020, anayefungua kesi ya madai dhidi ya halmashauri, tuseme ya Meru, lazima amuunganishe Mwanasheria Mkuu; asipofanya hivyo, mwenendo wote hubatilika. Hivyo hati humtaja Mwanasheria Mkuu, ilhali anayesimama mahakamani hutoka kwa Wakili Mkuu.

Tangu mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya mahakama kwa mujibu wa sheria. Twawasihi wafasiri na makarani wasiyatumie majina haya kana kwamba ni visawe: mnyonge aliyeelekezwa jina lisilo lake hubisha mlango usio wake, na siku zake zikapita.